Waya wa Spika Ulivyonenepa

Vijana wanaojifunza ufundi kwangu huniuliza: ndani ya boksi la spika tuvute waya wa unene gani? Mimi huwarudisha nyuma karibu miaka mia, maana jibu limo katika historia ya chombo chenyewe.

Spika za honi za redio za miaka ya 1920 zilisukwa kwa waya mwembamba mno, ukinzani wake ukipita omu elfu moja. Mkondo wa umeme uliopita humo ulikuwa kidogo, kwa hiyo kamba nyembamba iliyofunikwa uzi ilitosha. Mwaka 1925, Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric, Marekani, walitangaza spika ya koni inayosukumwa na koili iliyozungukwa na sumaku. Spika tunazofungua leo zimetokana na hiyo. Koili yake ilikuwa na omu chache tu, na omu zikipungua, nguvu ileile hudai mkondo mkubwa zaidi.

Mafundi wa zama hizo walilikwepa tatizo kwa akili. Transfoma ya sauti waliifunga kwenye fremu ya spika yenyewe, basi waya mrefu kutoka kwenye redio ulibeba mkondo mdogo, na ule mkubwa ukasafiri sentimita chache. Nyaya nyingine zililisha koili ya sumaku, kwa kuwa sumaku za kudumu zenye nguvu zilikuwa bado adimu. Hizo zilikuwa na mamia ya volti. Zilihitaji ganda imara kuliko shaba nene.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, amplifaya ilizidi kutengwa na spika, na transfoma ikabaki kwenye amplifaya. Mkondo mkubwa ukalazimika kuvuka sebule nzima, na wengi waliunganisha kwa waya wa taa za mezani. Mwaka 1979 Noel Lee alianzisha Monster Cable huko California, na waya mnene ukawa bidhaa ya fahari. Fahari hiyo ikaingia hadi ndani ya boksi, ambako kazi yake ni ndogo.

Hesabu ni hii. Mita moja ya shaba ya milimita 1 ya mraba ina ukinzani wa takriban omu 0.017. Ndani ya boksi la kawaida, kwenda na kurudi ni kama mita 1. Waya wa 0.75 unakupa omu 0.023 mbele ya spika ya omu 8: haifiki hata theluthi ya asilimia moja. Koili ya krosova, kile kigawa sauti kati ya twita na besi, peke yake mara nyingi huzidi hapo mara kadhaa. Lakini waya huohuo ukiuvuta mita 10 hadi kwenye amplifaya, kwenda na kurudi ni mita 20, na ukinzani unafika omu 0.46, karibu asilimia 6 ya spika. Hapo nenda 2.5 bila kusita.

Jihadhari pia na geji, yaani namba za unene wa waya. Wamarekani walipata yao mwaka 1857 kutoka kiwanda cha Brown & Sharpe; Waingereza wakahalalisha ya kwao mwaka 1884. Kwa zote mbili, namba ikipanda waya hupungua, ila hazilingani: namba 18 ya Kiingereza ina kipenyo cha milimita 1.22, ya Kimarekani 1.02. Uliza milimita za mraba, usidanganywe na namba.

Kwa hiyo nawafundisha hivi: 0.75 kwa twita, 1.5 kwa besi, waya wa nyuzi nyingi, ufungwe usigonge mbao. Fedha iliyobaki inunue koni nzuri, na muda uliobaki uende kwenye kulehemu. Kiungo kilicholegea huharibu sauti kuliko waya wowote mwembamba, na mteja aliyejibana kulipia spika yake anastahili kazi iliyopimwa kwa hesabu.