Bawa Zito na Tiba Zake

Bawa zito ni lile linaloshuka lenyewe pale rubani anapoachia usukani, ndege ikalalia upande mmoja. Mara nyingi mzani hauonyeshi tofauti yoyote. Hewa ndiyo inayolibeba kidogo kuliko mwenzake.

Orville na Wilbur Wright walilikabili jambo hili kabla hata hawajaruka kwa injini. Katika ndege yao ya 1903 injini ilikaa kulia, rubani akalala kushoto kwake, na kwa kuwa injini ilimzidi uzito, bawa la kulia lilirefushwa kwa takriban sentimita 10. Tiba hiyo ilijitokeza tena Italia mwaka 1940: mbunifu Mario Castoldi alirefusha bawa la kushoto la ndege ya kivita Macchi C.202 ili kupinga mzunguko wa propela. Machoni ni kituko, ila ndege iliruka vizuri.

Kwa mafundi wa kawaida, njia ilikuwa kulipinda bawa kidogo. Ndege za mabawa ya ghorofa zilirekebishwa kwa kukaza na kulegeza nyaya. Kwenye Piper Cub, nguzo ya nyuma inayoshikilia bawa ina ncha ya skrubu; ikifupishwa, sehemu ya nyuma ya bawa huvutwa chini, na bawa hubebwa zaidi.

Watu wanaojijengea ndege nyumbani, waliopata chama chao nchini Marekani mwaka 1953, waliirithi mbinu hiyo. Lakini ndege za bati zilizobuniwa na Richard VanGrunsven, zilizoenea kuanzia miaka ya 1970, hazina nguzo wala nyaya. Bawa likishafungwa kwa bolti halipindiki tena, hivyo tiba ikahamia kwenye aileroni, kipande kinachocheza nyuma ya bawa. Mafundi wa ndege ya kivita Spitfire walishazoea kupinda kingo za aileroni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.

Kwenye ndege za VanGrunsven, kwanza mafuta husawazishwa, kwani kwa kawaida matangi yamo ndani ya mabawa. Kisha ukingo wa nyuma wa aileroni ya bawa jepesi hubanwa kidogo kidogo kwa koleo na vipande vya mbao. Ukingo uliobanwa huiacha aileroni ielee juu zaidi, bawa jepesi likashuka na zito likainuka. Kila baada ya kubana, ndege hurushwa ijaribiwe. Aliyezidisha huugonga ukingo taratibu kwa kipande cha mbao mpaka urudie uduara wake.