Miaka Baada ya Koili

Historia ya tiba ya anurizimu za ubongo husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya ushindi. Daktari anapenyeza waya kwenye mshipa wa paja, anaufikisha kichwani, anaziba kifuko cha damu bila kufungua fuvu, na hadithi inakomea hapo. Mimi ni mtaalamu wa mionzi hapa Mombasa. Miongoni mwa watu ninaowapiga picha za mishipa ya kichwa wamo waliokwisha kutibiwa, wengine zamani, na wanarudi ili tuone kama kile kifuko bado kimeziba. Ndiyo maana kila ninaposoma historia hii humtafuta yule aliyerudi kutazama.

Anurizimu hutokea pale ukuta wa mshipa unapodhoofika, hasa kwenye njia panda ambapo mshipa mmoja unagawanyika kuwa miwili. Ukuta hutuna, ukawa kifuko chenye shingo. Kikipasuka, damu humwagika kuuzunguka ubongo. Mtu hushikwa ghafla na maumivu ya kichwa ambayo hajawahi kuyapata maishani mwake, na wengine hawafiki hospitali wakiwa hai.

Kabla ya mwaka 1927 hakuna aliyeweza kuiona kwa picha mishipa ya ubongo ndani ya mtu aliye hai. Mwaka huo, mjini Lisbon, Egas Moniz alidunga dawa ya kontrasti kwenye mishipa ya shingo na kuipiga picha mishipa ya ubongo kwa eksirei. Miaka minne baadaye, mjini Edinburgh, Norman Dott alifungua fuvu la mgonjwa, akakifikia kifuko na kukifunika kwa kipande cha msuli alichokikata pajani mwa mgonjwa huyo huyo. Mwaka 1937 Walter Dandy wa Baltimore alibana shingo ya kifuko kwa klipu ndogo ya fedha. Klipu ikawa ndiyo tiba kwa zaidi ya nusu karne.

Hata klipu haikuwa neno la mwisho. Mwaka 1967 Charles Drake, daktari wa upasuaji wa mji wa London ulio Ontario, Kanada, alichapisha pamoja na mwenzake makala kuhusu yale yanayowapata baadaye wagonjwa ambao anurizimu zao hazikuzibwa kikamilifu. Kipande kilichobaki kingeweza kukua tena, na kingeweza kuvuja damu. Ninaiheshimu sana makala hiyo. Drake alikuwa bingwa wa kuingia kwenye sehemu za ubongo ambazo wenzake waliziogopa, na angeweza kutosheka na sifa hizo. Badala yake alirudi kuwapiga picha watu waliokwisha kushonwa na kuruhusiwa kwenda nyumbani, akaandika waziwazi alichokikuta.

Wakati huo Moscow, katika Taasisi ya Burdenko, Fedor Serbinenko alikuwa akihangaika na njia ya kupitia ndani ya mishipa yenyewe. Inasimuliwa kwamba wazo lilimjia kwenye sherehe za Mei Mosi katika Uwanja Mwekundu, alipowaona watoto wakichezesha maputo kwa kuvuta nyuzi. Alitengeneza puto dogo mno linaloweza kusafirishwa na damu kwenye ncha ya mrija mwembamba, kujazwa likifika, kisha kuachwa humo. Makala yake ya mwaka 1974 iliwafungulia njia madaktari wa Ulaya na Marekani. Kwa anurizimu, hata hivyo, puto lilikuwa na tabu yake. Kifuko kina mabonde na pembe, puto lina umbo lake. Ama linausukuma ukuta dhaifu, ama linaacha nafasi pembeni. Na puto likinywea, damu hurudi pale pale.

Guido Guglielmi, Mwitaliano, alipitia njia nyingine. Mjini Roma alikuwa akijaribu kugandisha damu ndani ya kifuko kwa kutumia umeme, na katika majaribio hayo ncha ya waya wake ikakatika kwa sababu ya umeme uleule. Ajali hiyo aliikumbuka. Alipohamia Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, yeye na mhandisi Ivan Sepetka waliigeuza kuwa kifaa: koili laini ya platinamu iliyounganishwa na waya wa chuma cha pua. Daktari huisukuma koili ndani ya kifuko, akiona haijakaa vizuri huirudisha nyuma na kuipanga upya, na akiridhika hupitisha umeme mdogo ambao huliyeyusha lile ungio. Koili hubaki, waya hutoka. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa mwaka 1990, na mwaka 1995 kifaa kikaidhinishwa Marekani. Ule uhuru wa kurudisha nyuma na kupanga upya ndio ulioyaokoa maisha ya wengi.

Ila kifuko hakijai platinamu. Hata fundi hodari akipanga koili juu ya koili, platinamu mara nyingi haifiki theluthi moja ya nafasi. Palipobaki hujazwa na damu iliyoganda. Mlangoni mwa kifuko, damu hupiga kwa kila pigo la moyo, mchana na usiku. Aliyelalia mto wa sufi anajua sufi inavyokandamizwa na kichwa mpaka ikaacha shimo, na koili nazo hujibana vivyo hivyo. Shingo ikiwa pana, au kifuko kikiwa kikubwa, au kikiwa kwenye ncha ya mshipa wa basila ambako damu inakuja moja kwa moja, hatari huwa kubwa zaidi. Katika picha ninazozipiga jambo hili huanza na kitone. Mwanzoni, baada ya tiba, kontrasti hupita mbele ya shingo bila kuingia. Katika picha ya baadaye kitone cheusi kimeonekana kati ya donge la koili na mshipa, na usipoziweka picha mbili ubavu kwa ubavu unaweza kukipita.

Huko Montreal, Jean Raymond na wenzake ndio waliokaa chini kuhesabu. Mwaka 2003 walitangaza kwamba katika anurizimu walizozifuatilia baada ya koili, asilimia 33.6 zilikuwa zimefunguka tena kwa kiasi fulani, zikiwamo asilimia 20.7 zilizofunguka kwa kiasi kikubwa. Nyingi zilionekana ndani ya mwaka mmoja au mmoja na nusu. Takwimu hizo zilitoka mwaka mmoja tu baada ya ushindi mkubwa wa koili: jaribio la ISAT, lililoongozwa kutoka Oxford na kuwahusisha wagonjwa 2,143 ambao anurizimu zao zilipasuka. Baada ya mwaka mmoja, waliokufa au kuwa tegemezi walikuwa asilimia 23.7 kwa koili na 30.6 kwa klipu. Hospitali nyingi zikageukia koili, na zilikuwa na haki.

Hesabu ya Montreal haikuifuta ile ya Oxford. Watafiti wa ISAT wenyewe waliendelea kuwafuata wagonjwa wao, wakakuta kwamba asilimia 17.4 ya waliowekewa koili walihitaji tiba ya pili, dhidi ya 3.8 ya waliowekewa klipu. Lakini kufunguka kwenye picha si sawa na kutoka damu. Katika ufuatiliaji wa wastani wa miaka tisa, anurizimu iliyotibiwa ilivuja tena baada ya mwaka wa kwanza kwa wagonjwa 10 wa koili na 3 wa klipu. Utafiti mwingine, CARAT wa Marekani, uliotoka mwaka 2008, ulionyesha linalobeba uzito: kifuko kilichozibwa chote kilipasuka tena kwa asilimia 1.1, na kilichozibwa chini ya asilimia 70 kwa asilimia 17.6. Mimi huzikumbuka namba hizo mbili kila ninapopima ukubwa wa kitone.

Mama mmoja wa hapa kwetu aliniuliza akiwa amelala kwenye mashine, “Mwanangu, mbona mwaniita kila mara? Si walisema nimepona?” Nikamjibu, “Umepona, mama. Twatazama kama pale palipozibwa pangali vile vile.” Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi tazama vizuri.” Wengi hawaambiwi hivyo siku ya kuruhusiwa. Huambiwa tu kwamba wamepona, na barua ya kurudi kliniki huonekana kama desturi ya makaratasi.

Mafundi nao hawakukaa kimya. Zilikuja koili zilizopakwa jeli inayovimba ndani ya damu ili ijaze nafasi. Raymond huyo huyo aliongoza jaribio, PRET, kwa anurizimu kubwa na zile zilizowahi kurudi, na jeli haikuonekana bora kuliko platinamu tupu. Njia iliyobadilisha mambo iliacha kukijaza kifuko na kuushughulikia mshipa. Pipeline, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011, ni mrija uliofumwa kwa nyuzi 48 za kobalti-kromiamu na platinamu. Hulazwa ndani ya mshipa mbele ya shingo, damu ikapita bila kupiga kifukoni, na polepole utando mpya ukaota juu ya nyuzi. Gharama yake ni kwamba mgonjwa anywe aspirini na klopidogreli, dawa zinazozuia damu kuganda, jambo la hatari kwa anayetoka kupasukiwa. Kwa hiyo koili haijaondoka, wala klipu.

Wapo Waafrika Mashariki wanaokwenda India kwa tiba hii na kurudi nyumbani na bahasha moja. Ninachowaomba ndugu zao ni kwamba CD ya picha za siku ile, pamoja na karatasi inayotaja aina ya kifaa kilichowekwa, visiachwe hotelini wala kwa wakala. Siku mgonjwa atakapolala kwenye mashine yangu, nitahitaji kujua shingo ya kifuko ilionekanaje siku ilipozibwa, na kama ni salama kumwingiza kwenye sumaku ya MRI.