Kumfuata mwenzi Uingereza: Si lazima uanze na viza ya kazi

WATU wengi wenye mume au mke Uingereza huanza kwa kuuliza namna ya kupata viza ya kazi ili wamfuate. Hutafuta mwajiri wa mbali, humlipa wakala, hungoja barua ya ajira isiyofika, ilhali huenda sheria imekwisha kuwawekea njia fupi zaidi. Jambo la kwanza la kujua ni hadhi ya yule aliyetangulia: je, ni raia wa huko, ni mkaazi wa kudumu, ni mfanyakazi wa mkataba au ni mwanafunzi? Hapo ndipo panapoamuliwa kama mwenzi ataingia na kama ataruhusiwa kufanya kazi.

Aliyetangulia akiwa raia wa Uingereza, au akiwa na kibali cha kuishi huko bila kikomo, mwenzi wake huomba viza ya ndoa. Viza hiyo haina jina la kazi, lakini mwenye nayo anaweza kuajiriwa na mwajiri yeyote au kujiajiri tangu siku anapowasili. Anayeomba akiwa nje ya Uingereza hupewa miezi 33, kisha huomba kuongezewa muda akiwa huko huko.

Kikwazo kikubwa ni kipato. Mwaka 2012 serikali ya Uingereza iliweka sharti kwamba anayemwita mwenzi wake awe na pato la pauni 18,600 kwa mwaka. Kuanzia 11 Aprili 2024 kiwango hicho kilipandishwa kwa waombaji wapya hadi pauni 29,000. Linalowaumiza wengi ni kwamba mshahara wa mwombaji aliyeko Nairobi au Dar es Salaam hauhesabiwi, hata uwe mnono kiasi gani. Meneja wa benki aliyeolewa na dereva wa basi wa Birmingham atapimwa kwa mshahara wa dereva. Sheria iliyotungwa, kwa maelezo ya walioitunga, ili familia zisiwe mzigo kwa hazina ya umma ingeweza walau kutazama uwezo wa wote wawili.

Wasiofikia kiwango wanaweza kutumia akiba, ila hesabu yake ni nzito: wasio na pato lolote linalokubalika wanatakiwa kuonyesha pauni 88,500 zilizokaa benki kwa miezi 6 mfululizo. Anayepokea posho fulani za ulemavu, au ya kumtunza mlemavu, hapimwi kwa kiwango cha pauni 29,000. Hutakiwa tu kuthibitisha kwamba familia itajikimu.

Gharama nazo si za kubeza. Ada ya maombi kutoka nje ya nchi ilipandishwa hadi pauni 1,938 mwezi Aprili 2025. Juu yake kuna ada ya huduma za afya, pauni 1,035 kwa mwaka tangu Februari 2024, inayolipwa yote kwa mkupuo kabla ya safari. Kwa viza ya miezi 33 inafika pauni 3,105. Mwombaji kutoka Kenya au Tanzania hupimwa kifua kikuu katika kituo kilichoidhinishwa, na hufanya mtihani wa Kiingereza wa ngazi ya A1, ambao ni wa kuzungumza na kusikiliza tu. Mwenye shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza anaweza kuitumia badala ya mtihani, mradi ithibitishwe na chombo kinachotambuliwa na serikali ya Uingereza.

Vyeti ndivyo huwakwamisha wengi bila kutarajia. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya kiserikali, ya kidini na ya kimila, na ile ya Kenya ya mwaka 2014 inataka hata ndoa za kimila zisajiliwe. Hata hivyo, wapo waliolipa mahari, wakafanya sherehe mbele ya ukoo mzima, wakazaa na kulea, wasiwe na karatasi hata moja. Afisa wa viza hakuwapo kwenye sherehe. Kusajili ndoa mapema ni rahisi kuliko kueleza baadaye kwa nini haikusajiliwa. Wasiooana wanaweza kuomba kama wenzi, lakini wanapaswa kuthibitisha uhusiano unaofanana na ndoa uliodumu walau miaka 2. Wote wawili wawe wametimiza miaka 18. Na kwa mume mwenye wake wawili, msimamo ni mmoja: Uingereza haimpokei mke wa pili kwa viza ya ndoa ilhali mwingine amekwisha kuingia kwa njia hiyo.

Cheti peke yake hakitoshi kuonyesha kwamba ndoa ni ya kweli. Tiketi za safari za kutembeleana, risiti za fedha zilizotumwa kwa simu, kumbukumbu za mawasiliano na picha za miaka tofauti husaidia. Chache zilizopangwa kwa tarehe zina uzito kuliko furushi la kurasa mia tatu za salamu za asubuhi.

Mambo hubadilika ikiwa aliyetangulia ni mfanyakazi wa mkataba. Muuguzi aliyeajiriwa kwa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi anaweza kumwita mumewe au mkewe kama mtegemezi, na mtegemezi huyo huruhusiwa kufanya kazi bila kutafuta mwajiri wa kumdhamini. Kiwango cha pauni 29,000 hakimhusu. Kinachotakiwa ni pauni 285 zilizokaa benki siku 28, au mwajiri athibitishe kwamba atagharimia mahitaji ya mwanzo. Kwa familia za Kenya, ambayo Julai 2021 ilitia saini na Uingereza makubaliano ya kuajiri wahudumu wa afya, hii ndiyo njia iliyo karibu zaidi.

Lakini asichanganywe muuguzi na mtunza wazee. Tangu 11 Machi 2024, watunza wazee na wagonjwa walioomba viza kuanzia siku hiyo hawaruhusiwi kwenda na wenzi wala watoto, na tarehe 22 Julai 2025 uajiri mpya wa kada hiyo kutoka ng'ambo ulifungwa kabisa. Mtu anayeahidiwa leo nafasi ya kutunza wazee Uingereza "pamoja na familia" anauziwa kitu kisichokuwapo. Wanafunzi nao walibanwa: kwa masomo yaliyoanza Januari 2024 na baadaye, wanaoruhusiwa kwenda na wenzi ni wale wa shahada za utafiti na wanaofadhiliwa na serikali.

Kwa aliyefungiwa njia hizo, ndipo viza ya kazi ya jina lake mwenyewe inapokuwa na maana. Mlango wake ni mwembamba. Tangu Julai 2025 kazi kwa kawaida iwe ya kiwango cha shahada, na mshahara wa kawaida uanzie pauni 41,700, ingawa kazi za afya na ualimu zina viwango vyake. Mwajiri lazima awe na leseni ya kudhamini wageni, na orodha ya wenye leseni hutangazwa wazi na serikali. Kulitafuta jina humo ni kazi ya dakika chache na haina malipo. Mwajiri haruhusiwi kumtoza mfanyakazi gharama ya cheti cha udhamini. Anayekidai kwa mamilioni ya shilingi amekwisha kujitambulisha.

Wengine hushauriwa waingie kwa viza ya matembezi, "mengine yatajipa huko". Mgeni wa matembezi haruhusiwi kufanya kazi, wala hawezi kubadili kuwa viza ya ndoa akiwa ndani ya nchi. Atarudi nyumbani kuomba upya. Akiwasilisha barua ya kazi au cheti cha kughushi, anaweza kukataliwa kila ombi kwa miaka 10, na hilo laweza kuzitenga familia muda mrefu kuliko umaskini wowote.

Kwingineko masharti hutofautiana. Ujerumani humruhusu mwenzi kufanya kazi mara apatapo kibali, lakini mara nyingi humtaka ajue Kijerumani cha ngazi ya A1 kabla ya kuondoka. Kozi zipo Goethe-Institut za Nairobi na Dar es Salaam, na mwenzi wa mwenye Kadi ya Buluu ya Umoja wa Ulaya husamehewa sharti hilo.

Ombi la viza ya ndoa likikataliwa na Uingereza, mwombaji aliyeko nje ana siku 28 za kukata rufaa kwa misingi ya haki ya maisha ya familia. Wa viza ya kazi huomba uamuzi upitiwe upya. Ada ya afya hurudishwa kwa aliyekataliwa. Ile ya maombi hairudi.