Kendu Bay: Uji, chai, kahawa na vikombe vyake

KENDU BAY, mji mdogo ulio ufuoni mwa Ghuba ya Winam katika Kaunti ya Homa Bay, una vinywaji vya moto vinavyoeleza historia yake. Kila kinywaji kina chombo chake, na katika eneo hili la Karachuonyo kumkaribisha mgeni kunahitaji kujua kipi kinamfaa.

Uji na agwata

Kinywaji cha kale zaidi ni uji, unaoitwa nyuka kwa Kijaluo. Hupikwa kwa unga wa mtama, wimbi, mahindi au mihogo, na wengi huutia ukwaju au limau ili upate ukali kidogo.

Chombo chake cha asili ni agwata, kibuyu kidogo kilichokatwa kikawa mfano wa kata. Agwata haipitishi joto upesi, hivyo mnywaji huishika kwa mikono miwili bila kuungua hata uji ukiwa umetoka mekoni. Siku hizi vikombe vya plastiki vimechukua nafasi yake katika nyumba nyingi, lakini agwata bado huonekana kwenye sherehe na kwa wazee.

Chai na kikombe cha bati

Chai ni kinywaji cha karne ya 20. Mche wa kwanza nchini Kenya ulipandwa Limuru mwaka 1903, na baadaye zao hilo likaenea Kericho na nyanda za juu za Kisii. Kendu Bay, kwenye joto la ziwani, haikuzi chai. Majani hununuliwa dukani.

Maji, maziwa, majani na sukari huchemshwa pamoja katika sufuria moja. Maziwa yakikosekana, hunywewa chai ya rangi, yaani strungi. Kikombe cha bati chenye rangi kilipendwa kwa kuwa hakivunjiki, ingawa ukingo wake huunguza midomo ya mwenye haraka. Vikombe vya kauri na visahani vyake hutunzwa kabatini, vikisubiri wageni.

Kahawa ya bandarini

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli za ziwani zikaiunganisha Kendu Bay na biashara ya pwani. Miongoni mwa waliofika walikuwamo wafanyabiashara Waislamu, na mji una msikiti wa zamani. Desturi yao ya pwani ni kahawa chungu, mara nyingi yenye tangawizi, inayomiminwa katika vikombe vidogo visivyo na mkono. Udogo wa kikombe una maana: kahawa hunywewa kidogo kidogo huku mazungumzo yakiendelea.

Wasiokunywa chai

Mwaka 1906, mmishonari Arthur Carscallen kutoka Kanada na mwenzake Peter Nyambo kutoka Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, walianzisha misheni ya Waadventista Wasabato huko Gendia, karibu na mji. Kanisa hilo huwashauri waumini wajiepushe na chai na kahawa kwa sababu za afya. Si wote wanaofuata ushauri huo, lakini kwa wanaoufuata ni suala la dhamiri. Wao hupewa uji, maziwa ya moto au maji ya mchaichai.

Hivyo, mwenyeji mwenye busara huuliza kwanza mgeni anakunywa nini, kabla ya kuuliza vijiko vya sukari. Kumsukumia mtu kikombe asichokitaka ni kumweka njia panda: ama aikiuke imani yake, ama aonekane anadharau ukarimu.

Ukarimu huo si jambo dogo hapa. Karibu na mji kuna ziwa la Simbi Nyaima ambalo, kwa masimulizi ya wenyeji, lilikuwa kijiji kilichodidimia usiku mmoja baada ya watu kumfukuza bikizee aliyeomba hifadhi. Aliyenusurika ni mwanamke aliyemfungulia mlango.