Rangi, Mwanga na Makohozi: Upimaji wa Kifua Kikuu Kando ya Ziwa Victoria

Historia ya upimaji wa kifua kikuu cha mapafu katika Mwanza na visiwa vyake ni, kwa sehemu kubwa, historia ya mwanga, kwa kuwa uchaguzi wa rangi ya kupaka makohozi ulitegemea zaidi umeme na taa kuliko ubora wa rangi yenyewe.

Robert Koch alipotangaza mjini Berlin, tarehe 24 Machi 1882, kwamba amemgundua bakteria wa ugonjwa huo, njia yake ya kumpaka rangi ilikuwa ndefu na yenye kusumbua. Mwaka huohuo Paul Ehrlich alionyesha kwamba bakteria huyo, akishashika rangi, haiachii hata akioshwa kwa asidi, na marekebisho ya Franz Ziehl na Friedrich Neelsen yakazaa njia inayobeba majina yao hadi leo. Siri yake imo katika ukuta wa bakteria, ambao umejaa mafuta yaliyo kama nta. Fuksini nyekundu iliyochanganywa na fenoli humwagwa juu ya slaidi, yaani kipande cha kioo kilichopakwa makohozi, kisha slaidi hupashwa moto kwa taa ya spiriti mpaka mvuke utoke, lakini bila rangi kuchemka. Joto hulegeza nta, rangi hupenya, na asidi inapopitishwa baadaye vitu vingine vyote hupauka na kisha kupakwa rangi ya buluu, naye bakteria hubaki kama kijiti chekundu kwenye uwanja huo wa buluu.

Moto wa spiriti, maji, chupa tatu za dawa na hadubini yenye kioo cha kuakisi mwanga wa jua vilitosha, na kwa zahanati na vituo vya afya vya wilaya za Ukerewe au Sengerema mkoani Mwanza hiyo haikuwa faida ndogo. Ndiyo maana Tanzania ilipoanzisha mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, kwa msaada wa Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Chekoslovakia, uchunguzi wa makohozi kwa hadubini ulifanywa nguzo ya kazi yote: mgonjwa aliandikwa kwenye rejista, akapimwa tena wakati wa matibabu, na slaidi zake zikaweza kuhifadhiwa ili mkaguzi wa ngazi ya juu azisome upya. Shirika la Afya Duniani liliuchukua mfano huo katika miaka ya 1990 na kuupendekeza kwa mataifa mengine.

Udhaifu wa njia hiyo, hata hivyo, ulijulikana mapema. Yahitajika bakteria wapatao 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja ya makohozi ndipo waonekane, na msomaji hukuza mara 1,000, akipitia sehemu 100 za slaidi kabla ya kuandika kwamba hakuna kitu. UKIMWI ulipoenea kando ya ziwa kuanzia miaka ya 1980, udhaifu huo ulizidi, kwa sababu mgonjwa mwenye kinga dhaifu mara nyingi hutoa makohozi yenye bakteria wachache mno, na jibu la «hakuna» likawa halimaanishi mengi.

Njia mbadala ilikuwapo tangu miaka ya 1930. Auramini ni rangi inayong'aa manjano inapomulikwa kwa mwanga wa buluu au wa urujuanimno. Haihitaji moto, na kwa kuwa bakteria hung'aa gizani, msomaji hukuza mara 200 hadi 400 tu na kumaliza slaidi upesi, huku akigundua wagonjwa zaidi kwa takriban asilimia 10. Lakini mwanga huo ulitoka kwenye taa ya zebaki, ghali, yenye kudumu saa mia chache na isiyostahimili umeme unaokatika. Tena mng'ao hufifia slaidi zikikaa, jambo linalomsumbua mkaguzi. Kwa miongo mingi, basi, auramini ilibaki rangi ya maabara kubwa.

Kizuizi kiliondolewa na taa ndogo za LED, zinazodumu maelfu ya saa na kuweza kutumia betri, na mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza zichukue nafasi ya taa za zebaki na, hatua kwa hatua, ya njia ya Ziehl na Neelsen. Ushindi huo haukudumu, kwani kipimo cha GeneXpert, kinachotafuta vinasaba vya bakteria, kilikuwa kimeidhinishwa mwezi Desemba 2010. Hata hivyo kipimo hicho hukuta vinasaba vya bakteria waliokwisha kufa, kwa hiyo hakifai kuonyesha kama dawa inafanya kazi, na mgonjwa anayeendelea na matibabu bado hurudishwa kwenye slaidi iliyopakwa rangi.