Kabla ya Kuchora Nyumba, Kumbuka Chakula

Ndugu mkulima, wazee wetu hawakujenga nyumba wakasahau chakula. Katika tembe za Wagogo, nafaka ilikaa ndani kwenye vilindo, ng'ombe wakalala uani. Kwingine mahindi yaliwekwa darini juu ya jiko, moshi ukafukuza wadudu.

Nyumba za bati zilipoenea, dari hiyo ikatoweka. Ramani zikabaki na sebule na vyumba vya kulala. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 dumuzi akaonekana Tabora, akasambaa, na mahindi yaliyolundikwa pembeni yakageuka unga.

Kwa kuwa hatuchimbi chumba chini ya nyumba, tenga stoo kwenye ramani: mbali na bafu, sakafu ya saruji, magunia juu ya chaga. Sebule inaweza kupungua. Chakula cha Februari hakingoji.