Zweigelt: Mvinyo mwekundu wa Austria na kivuli cha jina lake

AUSTRIA inapotajwa mbele ya wapenzi wa mvinyo, wengi hukumbuka kwanza mvinyo mweupe, hasa ule wa zabibu za Grüner Veltliner. Hawakosei, kwani takriban theluthi mbili ya mashamba ya mizabibu ya nchi hiyo hulimwa zabibu nyeupe.

Hata hivyo, upo mvinyo mwekundu wa huko ambao haujavuma sana ughaibuni, ingawa zabibu zake ndizo nyekundu zinazolimwa kwa wingi kuliko zote nchini humo, katika takriban hekta 6,000. Jina lake ni Zweigelt, na hutamkwa 'Tsvaigelt'.

Aina hiyo ya mzabibu ilizalishwa mwaka 1922 katika taasisi ya serikali ya kilimo cha mizabibu mjini Klosterneuburg, karibu na Vienna, na mtafiti Friedrich Zweigelt. Alichanganya aina mbili za kale: St. Laurent, ambayo mvinyo wake ni laini lakini mti wake ni msumbufu wakati wa kutoa maua, na Blaufränkisch, yenye uchachu na ladha kali lakini huchelewa kuiva.

Chotara aliyepatikana huiva mapema kuliko Blaufränkisch, hustahimili baridi kali na huzaa sana. Kuzaa huko ni neema na mtihani pia. Mkulima asiyepunguza vishada huvuna zabibu nyingi zenye kutoa mvinyo mwepesi, usio na la kukumbukwa. Anayepunguza hupata mvinyo wenye rangi nzito, harufu ya cheri na ladha inayokaribia pilipili manga, bila ukakasi mwingi mdomoni.

Kwa miaka mingi chotara huyo hakutiliwa maanani. Ni baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndipo Lenz Moser, mkulima wa Rohrendorf aliyesifika kwa mbinu ya kukuza mizabibu mirefu kwenye nyaya, alipoanza kuisambaza miche yake. Mwaka 1975 aina hiyo ilipewa rasmi jina la Zweigelt, kwa heshima ya aliyeizalisha.

Heshima hiyo ndiyo iliyozua utata. Friedrich Zweigelt alijiunga na chama cha Nazi mwaka 1933, na kuanzia mwaka 1938 hadi 1945, Austria ikiwa chini ya utawala wa Hitler, aliongoza taasisi ya Klosterneuburg. Baada ya vita alikamatwa na kufunguliwa mashitaka, lakini kesi yake ilisitishwa mwaka 1948. Alifariki dunia mwaka 1964.

Mwaka 2018 kundi la wasanii nchini humo lilipendekeza mvinyo huo ubadilishwe jina na kuitwa 'Blauer Montag', yaani Jumatatu ya Bluu. Wanaotaka mabadiliko husema si haki kwa mtu wa historia hiyo kuenziwa katika kila chupa. Wanaopinga husema jina limekwisha kuwa la zabibu, si la mtu, na kwamba kulifuta ni kuifunika historia badala ya kuifundisha. Sheria inaruhusu pia jina la Rotburger, lakini wazalishaji wengi wameendelea na lile lililozoeleka.

Kwa anayetaka kuuonja, eneo la Neusiedlersee katika jimbo la Burgenland ni mahali pazuri pa kuanzia. Huko, kando ya ziwa lenye kina kifupi mpakani na Hungaria, maji hupunguza makali ya baridi na kurefusha msimu wa zabibu kuiva. Mnunuzi aangalie kizibo na lebo: mvinyo wa daraja la ubora nchini Austria huwa na alama ya rangi nyekundu, nyeupe na nyekundu pamoja na namba ya ukaguzi ya serikali.

Aina nyepesi hunyweka vizuri ikiwa imepozwa kidogo, nyuzi 14 hadi 16 za Selsiasi, na hufaa kwa kuku wa kuchoma au nyama isiyo na mafuta mengi.

Ubora wa kilichomo ndani ya chupa hauna mjadala mkubwa. Kilichobaki kwa Waaustria ni kuamua kama sifa ya mti inatosha kubeba jina la mtu.